Nyumba ya Kuku

Ukimwuliza mtu kwa nini hajengi nyumba ya kuku, huenda akakujibu kwamba kuku wake hulala jikoni, na kwamba babu yake alifanya vivyo hivyo. Ni kweli kwamba jikoni mna joto, na mlango hufungwa. Lakini kuku hunya usiku kucha, na asubuhi mtoto mchanga hutambaa juu ya sakafu ile ile, kisha akatia vidole kinywani. Mavi ya kuku yana vijidudu viletavyo maradhi ya kuhara, na mtoto aharaye mara kwa mara hakui vizuri. Basi haifai watu na kuku walale mahali pamoja. Mtoto wa shule, akisaidiwa na mkubwa wake katika kazi nzito, aweza kujenga nyumba ya kuku wachache nyuma ya nyumba yao, kwa miti, kamba na wavu kidogo.

Kabla hujashika shoka, fanya hesabu. Usihesabu kuku ulio nao leo tu, bali wale utakaopenda kuwa nao mwakani. Kuku wa kienyeji, atembeaye nje mchana kutwa na kuingia ndani kulala tu, hutoshwa na nafasi ya futi mraba 2. Kuku afungwaye mchana na usiku ataka nafasi kubwa zaidi, na huyo simsemi hapa. Tuseme wataka kuku 12. Nyumba yenye urefu wa futi 6 na upana wa futi 4 ina futi mraba 24, nayo yawatosha. Upana usizidi futi 4, kwa sababu ukiweka mlango upande huu na mwingine upande wa pili, mkono wako pamoja na ufagio mfupi utafika kila pembe. Nyumba isiyofagilika itakuwa na utitiri kabla ya mwaka kwisha.

Chagua mahali palipoinuka kidogo, pasipotuama maji. Ncha mbili za nyumba zielekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi, lisichome ubavu mzima. Tena uliza wazee mvua ya nguvu hutoka wapi. Ukikaa pwani, wakati wa kusi mvua hupiga kutoka upande huo. Bara kila mahali pana desturi yake.

Sasa fikiri ni nani atakayekuja usiku. Kicheche atakuja, na fungo, na kanu, na nyoka atafutaye mayai. Wanyama hawa hawana haja ya tundu kubwa. Kicheche akipitisha kichwa, na mwili hufuata, naye mara nyingi huua kuku wengi kuliko awezao kula. Ndiyo maana nyumba yetu haikai chini. Simamisha nguzo 6 zenye urefu wa futi 9 kila moja: futi 2 zizikwe ardhini, futi 3 ziwe chini ya sakafu, na futi 4 zilizobaki zishike kuta. Tafuta miti isiyoliwa upesi na mchwa, kama boriti za mikoko pwani au mwangati milimani. Chini kidogo ya sakafu, zungushia kila nguzo bati la debe kuukuu, lililo laini na pana, ili panya na kicheche wakipanda wateleze.

Bati halimzuii siafu. Siafu huja kwa safu, hasa wakati wa mvua, nao hula vifaranga wote, hata kuku aatamiaye asiyetaka kuacha mayai yake. Funga katika kila nguzo kitambaa kilicholoweshwa mafuta machafu ya mota, na ukitie mafuta tena kila kikaukapo. Wala usiache tawi la mti wala jani refu liguse ukuta, kwa maana hilo litakuwa daraja lao.

Sakafu ifanywe kwa fito zilizonyoka, zikiachana kadiri ya upana wa kidole, ili mavi yaanguke chini. Yazoe kila juma, uyaweke mbali yaoze, kisha uyatie shambani. Mboga zitakuonyesha faida yake. Vifaranga miguu yao hukwama katika fito hizo, basi wao na mama yao walazwe katika tenga lenye majani makavu mpaka wakue.

Katika kuta ndipo wajenzi wengi wanapokosea. Kwa kuogopa baridi na wezi hukandika udongo toka chini hata juu, wasiache hata tundu. Asubuhi wafunguapo, hutoka hewa nzito ichomayo macho. Hewa hiyo ni sumu itokayo katika mavi, nayo hudhuru mapafu ya kuku, kisha magonjwa ya kifua hupata njia. Kuku ana koti lake la manyoya, havunjwi na baridi ya nchi zetu akiwa mkavu. Unyevu na hewa mbovu ndivyo vimwuavyo. Basi ziba upande mmoja tu hata juu, yaani upande wa mvua. Pande tatu zilizobaki, ziba futi 2 za chini, na juu yake weka wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi. Ukikosa wavu, fito zilizofungwa karibu karibu zafaa. Kisha ujipime mwenyewe: alfajiri, kabla ya kufungua, tia pua yako penye wavu. Ikikuwasha, ongeza nafasi ya upepo.

Paa la nyasi au makuti ni baridi kuliko bati, lakini liwe la mwinamo mkali, na upenu utokeze futi moja na nusu.

Ndani weka miti miwili ya kulalia, unene wa inchi 2, urefu wa futi 4, ikipita toka ubavu mmoja hata wa pili. Kuku mmoja hutaka inchi 8, basi kila mti utachukua 6. Miti yote iwe kimo kimoja, futi moja na nusu juu ya sakafu, la sivyo kila jioni patakuwa na vita ya kugombea mti wa juu. Usiipigilie misumari, itoe kila mwezi uipake mafuta ya taa, kwa kuwa utitiri hunyonya damu usiku na kujificha mchana katika nyufa zake. Viota 3 vyatosha, navyo vikae chini ya kimo cha miti ili kuku wasilale humo.

Liko adui moja lisilozuiwa na ukuta, nalo ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Wataalamu walikitambua mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na karibu na mji wa Newcastle, Uingereza. Chaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima katika siku chache, nacho hakina dawa ya kuponya. Kinga iko: tone moja la chanjo katika jicho la kuku aliye mzima, nalo hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Tena kuku aliyenunuliwa sokoni akae peke yake, mbali na wenzake, siku 14.

Nyumba ikiisha, watie kuku jioni, uwafungie siku tatu pamoja na chakula na maji. Siku ya nne wafungulie alasiri, jua likikaribia kushuka, watarudi wenyewe.

Maswali

Kwa nini nguzo huzungushiwa bati, na kwa nini bati peke yake halitoshi? Mtu ana kuku 20: nyumba yake iwe na futi mraba ngapi, na miti yake ya kulalia iwe na urefu gani kwa jumla? Pale kwenu mvua ya nguvu hutoka upande gani? Chora nyumba ya kuku wa kwenu, uonyeshe upande utakaoziba hata juu.