Dawa ya Wahaka na Saumu ya Ramadhani

Jueni, ndugu Waislamu, ya kuwa maradhi ya wahaka si upungufu wa imani. Dereva wa lori angojaye zamu yake Tunduma apate kuvuka kwenda Nakonde, moyo ukampiga pasipo sababu, usingizi ukampotea majuma kwa majuma, huyo ni mgonjwa kama mwenye homa. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijria (934), aliandika juu ya kuzitibu nafsi kama yatibiwavyo miili. Na kwa Imamu Nawawi kujitibu ni jambo lipendezalo katika sheria.

Katika dawa wazitoazo matabibu imo fluoksetini. Hii hailevyi, wala haitulizi saa ile ile. Nafuu yake hungojewa majuma mawili hata sita, na siku za mwanzo wahaka waweza kuzidi. Wengi huitupa hapo, kabla hawajaona faida yake. Amitriptilini, nayo, huleta usingizi. Mshika usukani na amwambie tabibu kazi yake.

Ama saumu, kidonge kilichomezwa mchana kwa kusudi huibatilisha, hata kikimezwa bila maji. Lakini fluoksetini aghalabu humezwa mara moja tu kwa siku. Tabibu akiridhia, huhamishwa ikamezwa wakati wa futari au daku. Ubaya ni kuikata ghafula mwezi mzima, maradhi yakarudi. Na mgonjwa ambaye saumu yamdhuru ameruhusiwa kula, alipe siku nyingine (Sura ya 2, aya 185). Akichelea kuangamia, kula kwampasa.