Somo la 14: Metali Inayobadilika Ndani ya Maji

Mvua ya Kyela ni nyingi kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania, na hewa itokayo Ziwa Nyasa ina unyevu. Kwa sababu hiyo bati ambalo zinki yake imekwisha hugeuka jekundu upesi. Umekwisha jifunza kwamba wekundu huo ni kutu, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Katika somo hili utaona chuma kikibadilika kwa muda mfupi zaidi, na utajua kwa nini badiliko la namna hii si hasara siku zote.

Jaribio

Fanya jaribio hili mbele ya mwalimu, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto. Teka maji ya ziwa katika gilasi, ukoroge ndani yake kijiko kimoja cha magadi. Usitumie chumvi ya kula, kwa maana yaweza kutoa klorini, ambayo ni gesi ya sumu. Sugua misumari miwili kwa msasa mpaka ing'ae. Panga betri nne za tochi kwa kufuatana, kisha unga msumari mmoja na ncha chanya na wa pili na ncha hasi kwa waya. Tumbukiza misumari majini bila kuigusanisha. Usitumie kamwe umeme wa nyumbani.

Utaona mapovu mengi kwenye msumari wa ncha hasi. Hiyo ni haidrojeni. Maji yamefanywa kwa haidrojeni sehemu mbili na oksijeni sehemu moja. Basi ungetazamia oksijeni iwe nusu ya haidrojeni. Lakini ukizikusanya gesi hizo katika mirija, huenda ukaona oksijeni imepungua. Imekwenda wapi? Baada ya nusu saa, utazame msumari wa ncha chanya. Umeshika kutu.

Mwaka 1800, huko London, William Nicholson na Anthony Carlisle walikutana na jambo hilo hilo. Walipotumia waya za shaba nyeupe, gesi ilitoka upande mmoja tu, na waya wa pili ukageuka rangi. Walipotumia platini, gesi zilitoka pande zote mbili.

Platini ni ghali mno. Ndiyo maana wataalamu hutumia nikeli, metali ambayo hata ardhi ya Kabanga, wilayani Ngara, inayo. Nikeli ni kichocheo: hurahisisha badiliko, wala yenyewe haiishi. Wanafunzi wengi huelewa kwamba kichocheo hutoka kama kilivyoingia, lakini hiyo ni nusu ya ukweli. Ndani ya maji yenye alkali, uso wa nikeli huungana na oksijeni na haidrojeni, ukafanya utando mwembamba. Nguvu ya umeme ikizidi, utando huo huwa mweusi, na juu yake ndipo oksijeni hutoka. Mwaka 1987 Dennis Corrigan, wa Marekani, alionyesha kwamba chembe chache za chuma zikiingia katika utando huo, kazi huwa rahisi zaidi. Hata hivyo chuma hicho chaweza kutoka tena na kurudi majini. Umeme ukikatwa, utando nao hubadilika. Kwa hiyo wataalamu huuchunguza kwa eksirei wakati umeme ungali unapita.

Umeme wa jua hupatikana mchana tu. Haidrojeni iliyotengwa mchana yaweza kutumika usiku, na ikiungua huwa maji tena. Lakini kama metali inamomonyoka kila baada ya miezi michache, mvuvi wa Matema hataimudu gharama yake. Basi uso ule mwembamba ndio unaochunguzwa sana.

Maswali

1. Kwa nini oksijeni ilipungua katika jaribio lako?
2. Badilisha waya, ili msumari wenye kutu uwe upande wa ncha hasi. Utazame kwa saa moja, kisha uandike daftarini yale uliyoyaona.