Haki ya Binti na Mjane katika Desturi na Sheria

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, imo habari ya ndugu watano wa kike: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao, Selofehadi, alikufa jangwani wala hakuacha mtoto wa kiume. Siku zile Waisraeli walikuwa karibu kuingia nchi ya ahadi, na udongo ungegawanywa kwa majina ya wanaume. Basi nyumba ya Selofehadi ingekosa fungu, na jina lake lingefutika katika ukoo.

Mabinti wale hawakukaa nyumbani kunung'unika. Walikwenda mpaka mlango wa hema, wakasimama mbele ya Musa, na kuhani Eleazari, na wakuu, na mkutano wote, wakatoa shauri lao waziwazi. Musa hakuwafukuza kwa sababu ni wanawake, wala hakujibu kwamba mambo ya wazee hayaguswi. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu, naye Mungu akawapa haki. Tangu siku ile ikawa sheria katika Israeli kwamba mtu akifa bila mwana wa kiume, urithi wake umwendee binti.

Habari hii ina mkia, nao husahauliwa mara nyingi. Katika sura ya 36 wazee wa kabila lao walikuja kulalamika: mabinti hao wakiolewa na watu wa kabila jingine, udongo utawafuata huko, na kabila litapungukiwa. Neno la wazee nalo lilisikilizwa. Ikaamriwa mabinti waolewe ndani ya kabila la baba yao, nao wakaolewa na wana wa baba zao wadogo. Lakini udongo hawakunyang'anywa. Wazee walipewa ulinzi wa kabila, na mabinti wakabaki na fungu lao.

Lalamiko hilo la wazee lasikika hata leo katika vijiji vya Kongo. Husemwa kwamba binti ni mgeni katika nyumba ya baba yake, kwa maana kesho ataolewa, na shamba haliwezi kumfuata kwa watu wengine. Huko Bushi, upande wa Kivu, shamba lilipatikana tangu zamani kwa kalinzi, yaani kitu, mara nyingi ng'ombe, alichopewa mwami au mkubwa aliye chini yake. Aliyetoa kalinzi alikuwa mwanaume, na aliyerithi alikuwa mwana wake. Mke alilima, akapanda, akavuna, lakini shamba halikuitwa lake. Kwa Wababemba wa Katanga njia ni nyingine: watoto huhesabiwa katika ukoo wa mama. Hata hivyo mjane hakupata faida kubwa, kwa maana mali ya mume ilikwenda kwa ndugu zake au kwa mtoto wa dada yake.

Isidhaniwe kwamba desturi hizo zilitungwa ili kuwatesa wanawake. Zamani mjane aliyerithiwa na shemeji yake alipata paa, na chakula, na mtu wa kumtetea barazani. Watoto wake hawakutawanyika. Ulikuwa ni ukuta wa kumlinda. Lakini ikiwa shemeji anataka shamba na hataki watoto, au mjane mwenyewe hataki kuolewa naye, ukuta ule umekuwa gereza.

Sheria za serikali zimeligusa jambo hili mara nyingi. Wakati wa Wabelgiji, amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi kuanzia Januari 1951. Baada ya uhuru, nchi ilipokuwa ikiitwa Zaire, ilitolewa Sheria ya Jamaa, tarehe 1 Agosti 1987. Hiyo ilisema kwamba kila mmoja wa wanaooana sharti akubali kwa kinywa chake mwenyewe. Lakini sheria hiyohiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, hali mvulana alingoja 18. Tena mke hakuweza kujifunga kwa mkataba wala kufanya kazi nyingine ya kisheria bila ruhusa ya mume. Mama aliyeuza mihogo yake sokoni miaka ishirini alihesabiwa kama mtoto mbele ya karani. Jambo hilo halikuwa la wazee wa kijiji. Liliandikwa na watu wa sheria mjini, nalo lilifanana sana na sheria za kale za Ulaya. Basi anayesema kwamba kila uzito juu ya mwanamke umetoka katika desturi za mababu, hasemi kweli yote.

Tarehe 15 Julai 2016 Sheria ya Jamaa ilitengenezwa upya. Umri wa kuoa na kuolewa ukawa miaka 18 kwa wote wawili. Ruhusa ya mume ikaondolewa: sasa mume na mke sharti wapatane, na wasipopatana, shauri huenda mbele ya tribinali ya amani. Mume ameachiwa jina la mkuu wa nyumba.

Kuhusu urithi, watoto wa marehemu ndio wa kwanza, wa kike sawa na wa kiume. Wao hupata robo tatu za mali. Robo inayobaki hugawanywa kati ya mume au mke aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Zaidi ya hayo, mjane ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Hawezi kuiuza, lakini hawezi kufukuzwa siku ya kumaliza matanga, kama ilivyozoeleka mahali pengi.

Ulizo. Je, msichana akikubali kuolewa kwa kumwogopa baba yake, hiyo ni ndoa?
Jibu. Siyo ndoa. Ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa si kitu, kwa sheria ya Kanisa na kwa sheria ya nchi. Tena Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitaja wazi kwamba ni kosa kumnyima mwanamke uhuru wa kumchagua mume.

Ulizo. Je, mahari ni bei ya mke?
Jibu. Hapana. Mahari ni ushuhuda wa mapatano ya nyumba mbili, na sheria ya nchi yaitambua. Aliyetoa mahari hakununua mtu. Kwa hiyo ndugu zake hawawezi kumrithi mjane kama wanavyorithi mbuzi.

Ulizo. Je, cheti cha ndoa cha misioni kinatosha?
Jibu. Kinatosha kwa Kanisa. Mbele ya serikali hakitoshi. Ndoa iliyofanyika katika jamaa kwa desturi yapasa kupelekwa, katika mwezi mmoja, kwa ofisa wa eta sivili, iandikwe.

Jibu hili la mwisho wakatekumeni wengi hulisikia na kulipita, kwa kuwa ofisi iko mbali na safari ina gharama. Lakini tazama linavyofanya kazi. Mume amekufa. Mwezi haujaisha, na wadogo wa marehemu wamekwisha kuja: nyumba ni ya kaka yetu, shamba ni la ukoo, wewe rudi kwenu, watoto tutawaangalia. Mjane anakwenda kwanza kwa baraza la jamaa, kisha kwa mwami, kisha, ikibidi, kwa tribinali ya amani. Kila mahali ataulizwa neno moja: nani anajua kwamba ulikuwa mke wake? Mashahidi wa mahari wamezeeka au wamekufa. Watoto hawakuandikwa. Basi sheria imo kitabuni, naye amesimama mlangoni mikono mitupu. Lakini mjane mwenye karatasi, na mashahidi wawili, na majina ya watoto wake katika kitabu cha serikali, wazee wenyewe humsikiliza kwa njia nyingine, na mara nyingi shauri humalizika palepale, bila safari ya mjini.

Shamba ni gumu zaidi kuliko nyumba. Tangu sheria ya mwaka 1973 udongo wote ni wa serikali, lakini vijijini wakubwa wa desturi ndio wanaoendelea kuugawa. Kwa hiyo mjane anayetaka kubaki na shamba lake atahitaji neno la mwami pamoja na karatasi ya ofisi.

Kuhusu mabinti wa Selofehadi, mwisho wa habari yao umo katika kitabu cha Yoshua, sura ya 17. Musa alikuwa amekwisha kufa. Udongo ulikuwa ukigawanywa. Wale watano walikwenda tena, mara ya pili, wakasimama mbele ya Eleazari na Yoshua na wakuu, wakawakumbusha yaliyoamriwa. Hapo ndipo walipopimiwa mashamba yao, kati ya ndugu za baba yao.