Kura ni Ushahidi: Somo Kutoka kwa Wahandisi



Katika Suratul Maaida, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuwe mashahidi waadilifu, na chuki isitutoe kwenye haki. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhandisi. Hata hivyo, mfano mzuri wa ushahidi huo nimeukuta kwa wahandisi, katika Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani.

Akademia hii ni nini?

Si chuo, haina wanafunzi. Ni jumuiya ya wahandisi waliochaguliwa na wahandisi wenzao. Ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa na wajumbe 25, chini ya hati ya Akademia ya Taifa ya Sayansi iliyotiwa saini na Rais Lincoln mwaka 1863. Huishauri serikali, ingawa yenyewe si idara ya serikali.

Mtu huingiaje?

Hajipendekezi mwenyewe. Hupendekezwa na aliyemo, kazi yake huchunguzwa na watu wa fani yake, kisha wajumbe hupiga kura. Kura hiyo ni ushahidi kwamba kazi ya mtu inajulikana.

Mwaka 1973 alichaguliwa Muislamu, Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Bangladesh. Alibuni namna ya kujenga ghorofa ndefu mfano wa bomba, nguzo za nje zikabeba nguvu ya upepo, na chuma kikatumika kidogo. Ndivyo lilivyosimama jengo la Sears Tower, Chicago. Mahujaji nao hupita chini ya kazi yake: paa la mahema katika uwanja wa ndege wa Jeddah.

Baada ya kuchaguliwa

Cheo hicho ni amana. Mwaka 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, wakafa watu 11. Serikali iliiomba Akademia ichunguze. Ripoti ilieleza kwamba vipimo vilionyesha dalili za hatari, lakini kazi ikaendelea. Kusema hivyo mbele ya makampuni makubwa kunahitaji mjuzi asiye mpambe.

Kasoro yake

Miongoni mwa wale 25 wa mwanzo hapakuwa na mwanamke. Wa kwanza, Lillian Gilbreth, alichaguliwa mwaka 1965. Mwenye kuchagua huwaona upesi wanaofanana naye; shahidi mwadilifu hutazama mbali zaidi.

Na sisi je?

Kila mwaka tunachagua viongozi wa jumuiya yetu. Mara ngapi tumempa mtu kura kwa sababu ni wa kwetu, au anajua kuzungumza? Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa mzee wa Madyan alimpendekeza Musa (a.s.) kwa nguvu na uaminifu wake. Hakusema kwa kubahatisha: alikwisha kumwona akiwanyweshea mifugo bila kudai malipo. Naye Musa hakujipigia debe.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kazi gani ya mgombea wako umeiona kwa macho yako?
2. Ni dada au ndugu gani anayefaa, lakini hatumwoni?
3. Kiongozi tuliyemchagua akiambiwa anyamaze juu ya haki, atafanya nini?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mashahidi wa kweli. Amin.