Mtungi wa Oksijeni Usirudishwe Maumivu Yanapotulia

Maumivu ya kichwa aina ya klasta hushika upande mmoja, kuzunguka jicho, kwa dakika 15 hadi saa 3, na huweza kurudi mara kadhaa kwa siku, aghalabu usiku. Msimu wake hudumu wiki au miezi, kisha hutoweka, pengine kwa miaka. Hapo ndipo mtungi huonekana mzigo, na dhamana yake kutamaniwa.

Oksijeni, kwa maelekezo ya daktari, huvutwa kwa barakoa yenye mfuko, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa takribani dakika 15. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009, asilimia 78 ya mashambulizi yalitulia ndani ya muda huo; kwa hewa ya kawaida, asilimia 20 tu. Mtungi wa lita 1,500 hutosheleza mashambulizi 6 hivi. Shambulio la saa nane usiku halimngoji msambazaji afungue ofisi.

Kwa hiyo, katika miezi ya utulivu, geji isomwe kila mwezi, na barakoa na mpira wake vikaguliwe. Mtungi usimame wima, umefungwa imara ukutani, mbali na moto na sigara. Wapo wanaouweka jikoni kando ya mtungi wa gesi ya kupikia, kwa kuwa vyote ni mitungi. Hilo ni hatari kubwa. Valvu iliyokaza isipakwe mafuta yoyote, hata ya nazi: penye oksijeni, mafuta hulipuka moto. Irudishwe kwa msambazaji.