Namna ya Kusema Hapana Wanapotaka Kuzuia Ndoa za Jinsia Moja kwa Kura

Tarehe 6 Novemba 2012, wapigakura wa Minnesota walikataa kuandika katika katiba ya jimbo lao kwamba ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja tu. Miezi sita kabla yake, North Carolina ilikuwa imepitisha kifungu cha aina hiyo kwa asilimia 61, na karibu kila jimbo la Marekani lililowahi kuulizwa lilikuwa limejibu vivyo hivyo. Kwa hiyo Mswahili mwenye uraia wa huko anayetaka kupinga kura ya namna hii ana la kujifunza Minnesota.

Kwanza, jua kura zinavyohesabiwa. Minnesota, kifungu cha katiba hakipiti mpaka kikubaliwe na zaidi ya nusu ya watu wote waliopiga kura siku hiyo, hivyo anayeacha swali wazi amehesabiwa kama aliyekataa. Ndiyo ilipata asilimia 47 na ushei, ikaanguka. Kwingine mambo ni tofauti. Florida inadai asilimia 60 ya waliojibu swali lenyewe, na mwaka 2008 kifungu cha kuzuia ndoa hizi kilipata karibu 62. Huko, ukiacha wazi umejitoa tu.

Pili, suala la uraia, na hapa sina utani. Mwenye ukaazi wa kudumu asijiandikishe wala asipige kura, hata karani akimpa fomu. Anaweza kurudishwa kwao. Lakini kuzungumza na jirani, kupika chakula cha wanaojitolea au kumpeleka mzee kituoni, hayo hayamdai mtu uraia. Na kama mama yako ni raia ila hawezi kusoma karatasi ya kura, sheria ya shirikisho inamruhusu kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Ukiwa wewe ndiye msaidizi, msomee swali kama lilivyo na uweke alama anayotaka yeye. Ushawishi fanyieni nyumbani.

Kazi yenyewe iko hapo nyumbani. Kampeni ya Hapana ya Minnesota, Minnesotans United for All Families, iliona kwamba kuhubiri haki na usawa peke yake hakumgusi mtu ambaye bado hajaamua. Wanaojitolea wakakaa kwenye simu jioni baada ya jioni, wakiwauliza watu kuhusu ndoa zao wenyewe. Nawe anza hivyo. "Shikamoo mama. Hivi ulipoolewa na baba, mliahidiana nini?" Kisha nyamaza, msikilize mpaka amalize. Atataja kuuguzana, kulea, kuvumiliana. Hapo mwambie kuna watu wawili unaowafahamu waliouguzana vivyo hivyo kwa miaka mingi, na kifungu hiki kinataka kuwafungia mlango. Usibishane. Akikasirika, rudi wiki ijayo.

Lakini usimtaje mtu bila idhini yake, tafadhali. Habari ya Minneapolis hufika kijijini kabla ya jioni, na sheria za kwetu dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ni kali: Kenya ni kifungo cha hadi miaka 14, Tanzania yaweza kufika maisha, na sheria ya Uganda ya 2023 ina hata adhabu ya kifo. Unaweza kushinda kura moja ukamharibia mtu safari zake zote za kwenda kumzika mzazi.

Unayezungumza naye atakuuliza kuhusu dini. Mjibu kwa ukweli: cheti cha ndoa hutolewa na serikali, na hakuna padri wala shehe anayelazimishwa kufungisha ndoa asiyoiamini. Sheria ya Minnesota ililiweka hilo wazi ilipohalalisha ndoa hizi mwaka uliofuata. Gavana Mark Dayton aliitia saini tarehe 14 Mei 2013, ikaanza kutumika Agosti mosi. Na usidhani kila mhafidhina ni mpinzani wako. Bunge lilipojadili kupeleka kifungu kile kwa wananchi mwaka 2011, John Kriesel, Mrepublican aliyepoteza miguu yote miwili vitani Iraki, alisimama akakipinga.

Tangu 2015 hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani inalinda ndoa hizi nchi nzima. Hata hivyo katiba za majimbo mengi bado zina marufuku ya zamani, na hukumu ile ikitenguliwa siku moja, marufuku hayo yanaweza kuamka. Ndiyo maana mwaka 2024 California, Colorado na Hawaii zilipiga kura kuyafuta au kuyaondolea nguvu. Angalia mtego uliopo: huko anayezitetea ndoa hizi alitakiwa kujibu Ndiyo, ilhali California hiyohiyo mwaka 2008 alitakiwa kujibu Hapana. Soma swali zima, usiishie kwenye kichwa chake.

Minnesota unaweza kujiandikisha kituoni siku ileile ya kura. Majimbo mengi hufunga daftari mapema, mengine karibu mwezi mzima kabla. Angalia leo kama jina lako limo.