Kutazama Ndege Kitulo: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya

Uwanda wa Kitulo uko juu, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, kusini mwa Tanzania. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Tangu 2005 ni hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua. Maelekezo haya ni ya wale wanaopanda huko kwa ajili ya ndege, na ni makali kwa sababu moja. Sehemu kubwa ya uwanda haina mti, na ndege wake wa thamani zaidi hawakai juu. Wanazaa chini, ndani ya nyasi, na mmoja wao anazaa ndani ya ardhi yenyewe. Tena wanazaa katika miezi ileile ambayo mgeni anaitaka, kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili, maua yanapofunguka na madume yanapovaa rangi zao. Mguu wa mtu aliyekuja kuwapenda unaweza kuwaua.

Usitoke kwenye njia wakati wa mvua. Njia za miguu zipo, na barabara inakatiza uwanda. Karibu ndege wote waliokuleta utawaona kutoka hapo ukiwa na subira na darubini nzuri. Kama huna subira, njoo Juni: utaona ndege wachache zaidi, lakini hutakanyaga yai.

Usisimame karibu na shimo lolote. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu linavunjwa na watu wema. Mbayuwayu wa buluu ni ndege mdogo, mwili wote buluu iliyokolea inayometa juani, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Wamepungua sana, nao wameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Miezi yetu ya kiangazi huipitisha Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-mashariki mwa Kongo. Hifadhi ya Ruma, karibu na Ziwa Victoria upande wa Kenya, ni mojawapo ya mahali anapojulikana. Mvua zikikaribia hurudi kusini kuzaa, na Kitulo ni miongoni mwa makao yake. Kiota chake ni kibakuli cha udongo na nyasi kilichobandikwa kwenye dari ya shimo, labda tundu la mhanga, labda mahali ardhi ilipodidimia yenyewe. Mayai kwa kawaida ni matatu.

Ukisimama karibu na shimo hilo, mzazi haingii. Atazunguka juu yako akiwa na wadudu mdomoni, nawe utafurahi kwamba amekuja karibu, utainua kamera, na muda wote huo makinda chini ya ardhi wanapoa. Uwanda huu una baridi na ukungu hata mchana wa Januari. Kinda asiye na manyoya hawezi kungoja umalize kupiga picha. Isitoshe, udongo unaozunguka tundu hulainika kwa mvua, na dari ikibomoka kwa uzito wako, uzazi wa mwaka huo umekwisha. Ukimwona mbayuwayu anashuka na kupotea ardhini, umeshajua vya kutosha. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, keti mbali, tazama kwa darubini.

Usimfuate tandawala. Tandawala wa Denham ni ndege mkubwa anayetembea, na ukimwona kwa mara ya kwanza kwenye uwanda mtupu utatamani kumkaribia. Atatembea. Utafuata. Atatembea tena, na mwishoni ataruka. Kama ni jike, huenda umemtoa kwenye yai moja au mawili yaliyolazwa juu ya ardhi tupu, bila kiota, na kunguru hawachelewi. Dume anapojionesha hufura shingo nyeupe inayoonekana kutoka mbali sana. Hakuna sababu yoyote ya kumsogelea. Na usimfuate kwa gari. Gari likitoka barabarani huacha mifereji ambayo mvua huifanya makorongo, nayo hubaki miaka mingi baada ya wewe kusahau safari.

Usicheze sauti za ndege kwenye simu. Najua wengi wanaoongoza wageni hufanya hivyo, na najua mgeni analipa ili aone. Lakini dume anayesikia sauti ya mwenzake katika eneo lake huacha kulisha na kulinda, akatafuta adui asiyekuwepo. Kidenenda wa Njombe hupatikana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na ng'ambo kaskazini mwa Malawi, si kwingine. Wageni watano wa asubuhi moja, kila mmoja na simu yake, wanamchosha ndege yuleyule kwenye kichaka kilekile. Tena hakuna haja: ndege huyu huimba mwenyewe, jua likishatoboa ukungu. Kaa kimya umsikilize.

Usimlipe mtoto akuoneshe kiota. Hata pipi usimpe kwa kazi hiyo. Kiota kikiwa na bei, vitatafutwa vyote, kesho vitaguswa, na keshokutwa utaletewa kinda mkononi. Ukitaka kumlipa mtu, mlipe mtu mzima aliye mwongozaji, kwa siku nzima, iwe mmeona kitu au hamkuona. Wakulima wa Matamba na vijiji vinavyozunguka hifadhi wanajua mengi: lini mbayuwayu wamefika, upande gani tandawala wamelala. Waamkie kwanza, ongea nao kuhusu viazi na mvua, kisha uliza. Shamba la mtu usilikatize kwa sababu ndege ametua ndani yake.

Ingia kwa kibali. Pita ofisi ya hifadhi, lipa kiingilio, sema unakokwenda na saa ya kurudi. Askari wa hifadhi anakuandika ili ajue pa kukutafuta ukungu ukishuka, na ukungu wa Kitulo unaweza kukufunika ukiwa hatua chache tu kutoka kwenye gari. Droni usilete bila ruhusa ya maandishi. Hata ukiipata, usiirushe msimu wa kuzaa. Kwa ndege aliye chini, kitu kinachoning'inia angani ni mwewe.

Iheshimu Hamsini na Saba. Barabara inayopanda kutoka Chimala kwenda Matamba imepata jina hilo kutokana na idadi ya kona zake. Mvua ikiwa imenyesha usiku, usipande na gari dogo, na usimshawishi dereva anayesita. Kuna njia nyingine, ya Isyonje upande wa Mbeya; nayo ina matope yake, lakini haina mteremko ule.

Vaa kama mtu anayekwenda kwenye baridi, kwa sababu ndiko uendako. Wageni wa pwani ndio wanaoteseka zaidi. Juni na Julai nyasi huamka na sakitu, yaani baridi iliyoganda nyeupe. Msimu wa mvua chukua koti lisilopitisha maji, buti za mvua, soksi za akiba, kofia ya sufu, na kofia ya jua pia, kwa maana jua la huko juu huchoma ngozi hata kukiwa na upepo wa baridi. Rangi ziwe za nyasi na udongo. Saa za mchana, mawingu meusi yakijikusanya na ngurumo kusikika, acha kila kitu. Kwenye uwanda mtupu mtu aliyesimama ndiye mrefu kuliko vyote. Rudi garini ufunge milango. Kama gari liko mbali, shuka bondeni uchutame, na usijifiche chini ya mti ulio peke yake.

Beba kitabu kinachohusu eneo hili. Vitabu vingi vilivyo kwenye maduka ya Arusha ni vya mbuga za kaskazini. Kile cha Zimmerman, Turner na Pearson cha 1996 ni kazi kubwa, lakini mipaka yake ni Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Ukiwa Kitulo uko nje ya ramani zake. Cha Stevenson na Fanshawe, kilichotoka 2002, kinahusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na ndege wa nyanda za juu za kusini wamo.

Usiandike jina usilolithibitisha. Mbayuwayu mweusi anayeruka taratibu pembeni mwa msitu ana mkia wenye panda, nao mng'ao wake unaelekea kijani. Usimfanye wa buluu kwa sababu umetoka mbali na unamtaka. Kuanzia Oktoba wanafika vipanga wanaowinda kwa kupita chini juu ya nyasi, wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, wa aina zaidi ya moja. Madume hutambulika. Majike na wachanga hufanana kiasi cha kuwatatiza hata wataalamu, kwa hiyo andika "kipanga mhamiaji, jike", ukomee hapo. Mwezi wa Julai usitafute ndege mweusi mwenye mkia mrefu anayeonekana kwenye picha za Kitulo. Yupo, lakini amevua vazi la uzazi, amekuwa wa kahawia kama jike wake, na yumo kundini na wengine.

Bondeni, usitembee ndani ya kijito. Vijito vinavyoanzia kwenye majimaji ya uwanda huu vinateremka hadi Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu. Huko juu bado ni vyembamba, vina mawe na maji baridi, na kuna ndege wanaoishi hapo mwaka mzima. Bata mweusi wa mitoni hukaa wawiliwawili, dume na jike, kila jozi ikimiliki kipande chake cha kijito. Ukipanda kwa kufuata maji, jozi itaruka mbele yako na kutua mbele kidogo. Utafika tena, itaruka tena, mpaka uisukumie kwenye kipande cha jozi nyingine, ambako itapigwa. Mtu anayefuata kijito asubuhi nzima anaweza kuvuruga bonde zima huku akidhani ameona bata wengi. Chagua sehemu moja yenye mwonekano, keti juu ya ukingo, ngoja. Kitwitwi wa milimani, mwenye kijivu, weupe na mkia mrefu usiotulia, atapita mwenyewe juu ya mawe akitafuta wadudu.

Usioshe vyombo wala kufua kwenye maji hayo. Sabuni inaua wadudu wanaoliwa na kitwitwi, na chini yako kuna vijiji vinavyoyanywa.

Usiguse ua. Okidi za nyanda hizi zilichimbwa kwa miaka mingi, mamilioni ya viazi vyake yakivushwa mpaka kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na madhara hayo yalikuwa sababu mojawapo ya kuanzishwa kwa hifadhi. Chozi wanategemea maua, mbayuwayu wanategemea wadudu wa maua. Mtazama ndege anayekanyaga okidi ili apate pembe nzuri ya picha hana hoja ya kumlaumu mchimbaji.

Usiwashe moto, usitupe kichungi cha sigara. Agosti hadi Oktoba nyasi ni kavu na upepo ni mkali. Chai ije ndani ya chupa.

Usitangaze kiota. Picha ya mbayuwayu wa buluu ikiwa na alama ya mahali ilipopigwa ni mwaliko kwa kila mwenye gari. Zima kipengele hicho kwenye simu kabla hujapanda. Ukiona tundu lenye ndege, mwambie mhifadhi peke yake.

Andika siku ileile. Daftari la karatasi, penseli, mfuko wa plastiki, kwa sababu wino huchuruzika na simu hufa kwa baridi. Andika tarehe, saa uliyoanza na uliyomaliza, hali ya hewa, idadi uliyohesabu kweli na idadi uliyokadiria, kila moja mahali pake. Kwa mbayuwayu wa buluu na tandawala andika pia siku ambazo hukuwaona, kwa kuwa anayefuatilia kupungua kwao anazihitaji siku hizo sawa na zile ulizowaona. Kisha peleka orodha kwenye Atlasi ya Ndege ya Tanzania, iliyojengwa na Neil na Liz Baker kwa rekodi za watazamaji wa kawaida, na nakala moja iache kwenye ofisi ya hifadhi kabla hujashuka.